Redio inazima nikipanda tuta, inawaka nikishuka

Barua za mwezi huu zimekaa upande mmoja, kama abiria wa daladala wanaokimbia jua. Ni nne na zote zinalia redio za magari. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, kwa sababu kila wiki kuna mtu anakuja gereji kwangu na ugonjwa huo huo akiwa ameshaambiwa atoe hela ya redio nyingine.

*Shikamoo fundi. Nina Toyota IST. Desemba nilinunua redio ya skrini Kariakoo, kijana akanifungia pale pale barabarani, nusu saa tu. Wiki za mwanzo raha tupu. Sasa inazima yenyewe. Nikitoka Kimara kwenda Posta inaweza kuzima mara tano, na siku nyingine haizimi hata mara moja. Kuna wakati nikipanda tuta inazima, na kuna wakati ilikuwa imeshazima, nikishuka tuta inawaka. Ikirudi inaanza upya na nembo yake, saa imerudi sifuri na stesheni nilizohifadhi zimefutika. Fundi wa kwanza hakuona tatizo kwa kuwa siku hiyo iliimba vizuri. Wa pili amesema redio imekufa. Ninunue nyingine?*
*Dereva wa Kimara*

Marahaba kijana wangu. Usinunue. Kitu kilichokufa hakifufuliwi na tuta.

Jibu umeshaniandikia mwenyewe bila kujua: saa imerudi sifuri na stesheni zimefutika. Redio ya gari inahitaji waya tatu ili iishi. Wa njano ni umeme wa kudumu, unatoka betri saa zote hata ufunguo ukiwa mfukoni, na ndio unaotunza saa na stesheni. Mwekundu ni wa swichi, unapata umeme ukizungusha ufunguo, na kazi yake ni kuiambia redio "amka" au "lala". Mweusi ni ethi, unarudisha umeme kwenye bodi, yaani chuma cha gari lenyewe. Ukikatika mwekundu peke yake, redio inazima lakini kumbukumbu inabaki, na ukirudi inaendelea ilipoishia bila kupoteza muda. Ukikatika wa njano au mweusi, redio inasahau kila kitu na inaanza na nembo kama siku ilipotoka kwenye boksi. Yako inasahau. Kwa hiyo mwekundu muweke pembeni, ubaki na wawili.

Wakati mwingine mtu akija nami simwombi hata afungue dashibodi. Namuuliza: "Ikirudi, inakumbuka?" Swali hilo huwa linanipunguzia nusu ya kazi.

Kabla hujagusa kitu nyuma ya redio, fungua boneti ushike taminali za betri kwa mkono. Zikizunguka, kaza kwanza. Naona aibu kuliandika hili, ila nimeshakula nusu siku kwenye dashibodi ya mteja kumbe taminali ya negativu inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Zimekaza? Endelea. Siku redio ikizima, kabla hujaipiga kofi (najua unaipiga), washa taa ya ndani, ile ya kwenye dari. Kwenye Toyota nyingi umeme wa kudumu wa redio na ule wa taa hiyo unapita fyuzi moja, inayoandikwa DOME. Vikizima pamoja, tatizo liko huko juu: fyuzi hiyo imelegea au soketi yake ina kutu. Taa ikiwaka huku redio imezima, tatizo liko karibu na redio, yaani kwenye maungio. Nami naweka dau langu kwenye maungio.

Kijana aliyekufungia simlaumu sana. Mimi mwenyewe nilianzia Gerezani hivyo hivyo, mfukoni wembe na tepu nyeusi ya umeme: unakwangua waya kwa meno, unasokota, unazungushia tepu, unafuata mteja mwingine. Kazi ya namna hiyo hufa taratibu. Gari likianikwa Posta kuanzia asubuhi hadi saa kumi, vioo vimefungwa, dashibodi huwa tanuri. Gundi ya tepu inageuka ute, tepu inajifungua yenyewe, na ule msokoto unabaki uchi. Ongeza unyevu wa mji wetu, shaba inaota ukijani. Halafu ongeza mtikisiko. Kila tuta linauvuta msokoto kidogo, unagusa, unaachia. Ndiyo maana tuta lile lile linazima redio na tuta lile lile linaiwasha.

Kuna jingine ambalo wauzaji hawakwambii. Baadhi ya waya zinazokuja na redio za bei rahisi si shaba tupu, ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kwa wembe: ukiona weupe ndani, ndiyo hiyo. Inavunjika ukiikunja mara chache na risasi ya kuungia waya haiishiki vizuri. Ukiikuta, itupe, tafuta waya wa shaba.

Sasa kumkamata mkosaji. Ugonjwa wa namna hii hupona mgonjwa akifika tu hospitali, na ndivyo ilivyomtokea yule fundi wa kwanza. Usimsubiri, mchokoze. Gari liwe limesimama na injini imezimwa, zungusha ufunguo mpaka redio iwake, itoe kwenye dashibodi kiasi cha kufikia waya, bila kuchomoa soketi. Mwite mtoto wa jirani aangalie skrini. Wewe shika waya mmoja mmoja, uutikise taratibu karibu na soketi, kisha kwenye ungio, kisha mbele zaidi. Usishike kifurushi chote kwa pamoja, hutajua aliyelia ni nani. Mtoto akisema "imezima!", simama hapo hapo, usiachie.

Mita ya kupimia umeme sasa ndiyo inatoa hukumu. Iweke kwenye volti 20 za DC. Redio ikiwa imezima, gusisha ncha moja kwenye wa njano na nyingine kwenye mweusi, kwa nyuma ya soketi ya redio. Ukisoma 12 na kitu na redio bado imezima, basi yule fundi wa pili alikuwa sahihi na mimi nimekosea: kuna risasi imepasuka ndani ya redio yenyewe, au pini za soketi haziigusi. Ukisoma sifuri au namba inayoyumba, acha ncha moja kwenye njano, ile nyingine ihamishe kutoka kwenye mweusi uiguse kwenye chuma kitupu cha bodi. Namba ikirudi 12, mwizi ni ethi. Ikibaki sifuri, mwizi ni wa njano, mfuate kuelekea kwenye fyuzi.

Tahadhari moja hapa. Ukiichomoa redio kabisa na kupima waya mtupu, mita itakudanganya. Uzi mmoja tu wa shaba ukiwa bado unagusa, mita inasoma 12 vizuri kabisa, kwa sababu haivuti chochote. Mwekee mzigo. Mimi nina balbu kuukuu ya indiketa ya wati 21 niliyoifunga waya mbili, inavuta karibu ampea mbili. Kama balbu inafifia pale mita inaposema kuna umeme wa kutosha, ungio limeoza. Balbu hiyo ninayo tangu ujana na mke wangu ameshaitupa jalalani mara mbili.

Kwa redio yako kuzima kwenye tuta na saa kurudi sifuri, mimi naanza na ethi. Mafundi wa haraka hufunga mweusi kwenye skrubu yoyote wanayoiona nyuma ya dashibodi, na skrubu nyingi zimeshika plastiki au chuma chenye rangi. Kuna vituko vyake. Mweusi ukikosa njia, umeme hutafuta pengine pa kurudia, na mara nyingi hurudi kupitia ganda la waya wa antena au vyuma vinavyoishikilia redio. Basi redio inaimba ikiwa imefungwa kwenye dashibodi, ukiitoa inakufa, unaona ni uchawi. Chomoa antena huku redio ikiimba. Ikizima, umempata.

Dawa yake ni kukata lile ungio lote, si kuliongezea tepu. Tafuta boliti iliyoshika bodi ya gari hasa, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, banisha mweusi kwenye kijicho cha chuma (kile chenye tundu la kupitisha boliti), kaza. Kisha washa redio kwa sauti na upime kati ya mweusi wa redio na taminali negativu ya betri. Isizidi 0.2. Ikiwa 0.1 au chini, kalale.

Kwa maungio mengine, nenda Kariakoo au Shauri Moyo ukanunue waya wenye soketi za Toyota, jozi ya pini 10 na pini 6. Upande mmoja unachomeka kwenye gari bila kukata chochote, upande mwingine unauunga na waya za redio ukiwa umekaa mezani na chai yako. Choma risasi, vika kila ungio mpira wa kubana kwa moto (uvishe waya kwanza kabla ya kuunga, kila fundi ameshausahau walau mara moja), na maungio yapishane, yasikae uso kwa uso. Mwisho fungasha kifurushi kwa vibanio vya plastiki kisining'inie, kwa sababu hata ungio la risasi huvunjika likiachwa kubembea. Na usifuate rangi za upande wa gari. Njano, nyekundu na nyeusi ni rangi za redio. Toyota ina rangi zake, upande huo pima.

Fyuzi ya mgongoni mwa redio iliyoandikwa 10 au 15, irudishie namba ile ile. Ukiweka 30, au ile karatasi ya fedha ya sigara, siku waya utakapogusa bodi kitakachoungua ni waya, ukiwa ndani ya gari.

La mwisho kwako: ikizima wakati unapiga stata tu kisha ikarudi, hilo si tatizo. Gari linaukata ule waya wa swichi kwa makusudi ili betri ihangaike na stata peke yake.

*Habari za kazi fundi. Premio yangu, skrini haizimi ila sauti inakatika. Nikiongeza kidogo tu inanyamaza spika zote, nikizima na kuwasha inarudi. Nimegundua nikifungua mlango wa kushoto mbele ndiyo inafanya sana. Nina bufa chini ya kiti pia.*
*Mama wa Mbagala*

Nzuri dada. Wewe ungekuwa fundi mzuri, hilo la mlango wengi hawalioni.

Skrini ikiwa hai na sauti imekufa, usihangaike na njano wala nyeusi. Tatizo liko upande wa kutoka, yaani waya za spika. Ndani ya redio kuna kifaa kimoja kinachosukuma spika zote nne, na waya zote mbili za kila spika zinabeba umeme. Hata ule unaoitwa negativu hautakiwi kugusa bodi. Ukigusa, kifaa kinajilinda kwa kunyamaza, na kwa kuwa ni kimoja, zinanyamaza zote ingawa mkosaji ni mmoja.

Mkosaji wako anaishi ndani ya ule mpira wenye mikunjo kati ya mlango na nguzo. Kila ukifungua mlango waya zinakunjwa, kila ukifunga zinanyooshwa, mpaka ngozi inapasuka na shaba inagusa chuma. Hakikisha hivi: redio ikiwa imezimwa, chomoa spika ya mlango huo, kisha kata zile waya zake mbili nyuma ya redio na uzifunike. Washa, ongeza sauti. Zile tatu zikiimba bila kunyamaza, umemaliza uchunguzi. Mita nayo ikiwekwa kwenye omu inasema kitu hicho hicho: rudisha spika mlangoni upime zile waya ulizokata, kati ya waya mbili za spika ya omu 4 utasoma 3 na nusu hivi, na kati ya waya wowote wa spika na bodi isisome chochote. Ikisoma, umegusa. Pitisha waya mpya ndani ya mpira ule, usiufunge tepu ndani ya mkunjo, hautafika Krismasi. Spika yenyewe jaribu kwa betri ya tochi ya volti 1.5: gusisha na uachie, ikisema "tk" ni nzima.

Hiyo bufa ya chini ya kiti inanikumbusha Spacio moja iliyonisumbua wiki mbili. Bufa ilikufa kila Jumamosi. Jumatatu mteja anakuja kwangu, inaunguruma mpaka vioo vinatetemeka. Nikabadilisha fyuzi, nikafungua amplifaya, nikaifunga, nikapokea hela nikijua kabisa sijafanya kitu. Jumamosi inakufa. Siku moja nikaamua kupanda naye kwenda sokoni Feri, nikakaa nyuma. Mbele akapanda mama mkwe wake, mama wa afya njema kabisa, na alipokaa tu bufa ikakata. Springi za kiti zilikuwa zinashuka na kuukandamiza waya wa bluu na nyeupe, ule unaoiambia amplifaya iwake, mpaka unachomoka kwenye skrubu yake. Mama akishuka, springi inapanda na waya unarudi mahali pake. Sikujua nitamwelezaje mteja mbele ya mkwewe, nikasema ni joto. Basi na wewe, kabla hujaenda kokote, mkalishe mtu kwenye kiti hicho halafu ukachungulie chini kwa tochi.

*Kaka fundi, mimi ni dereva wa teksi mtandao, Tabata. Tangu nifunge redio ya Android kwenye Passo, nikilaza gari Jumamosi jioni, Jumatatu alfajiri haliwaki mpaka niunganishiwe betri ya gari jingine. Betri nimeambiwa bado nzima. Redio huwa naizima, nabonyeza kile kitufe skrini inakuwa nyeusi.*

Kaka, ukitoa ufunguo halafu bado ukalazimika kubonyeza kitufe, hapo ndipo penye ugonjwa. Redio ilitakiwa izime yenyewe. Aliyekufungia alikosa waya wa swichi, akausokota mwekundu pamoja na wa njano akamaliza. Skrini nyeusi haina maana redio imelala, kompyuta ya ndani bado iko macho inakula.

Piga hesabu. Ikila nusu ampea tu, kwa saa 24 ni ampea-saa 12. Betri ndogo ya gari lako ni kama 35. Kuanzia Jumamosi saa moja usiku hadi Jumatatu saa kumi alfajiri ni saa 33, imeshaliwa karibu nusu, na betri yenyewe ya teksi haianzi usiku ikiwa imejaa. Pima: toa negativu ya betri, unga mita kati ya taminali na waya wake, ukitumia tundu la ampea 10, funga milango na usubiri nusu saa vyote vilale. Isizidi 0.05. Usije ukapiga stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Ukikuta zaidi, chomoa soketi ya redio uone kama namba inashuka. Ikishuka, tenganisha mwekundu na njano, mpelekee mwekundu umeme wa swichi. Tundu la kiberiti cha sigara linao: pima kwanza kwamba linakufa ukitoa ufunguo, na umuwekee fyuzi yake ndogo.

*Redio iliyokuja na gari kutoka Japani inashika stesheni mbili tu, na leo moja imepotea. Ni waya?*
*Kigamboni*

Hizo mbili siyo waya. Redio za Japani zilitengenezwa kwa FM ya 76 hadi 90, na zile mpya kidogo hadi 95, wakati stesheni zetu ziko 88 hadi 108. Unasikia zile zilizoangukia kwenye mkia tu. Kuna kifaa kidogo cha kushusha masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena, ila sauti yake mimi siipendi. Hiyo iliyopotea leo ndiyo ya waya: panda juu ukaangalie kitako cha antena. Kwa upepo wa chumvi wa upande wenu, nitashangaa kama hujakuta kutu.